Hivi The Simpsons wanaitengenezaje mpaka imefika miaka thelathini na kitu hewani?

Chokaa

Habari za jioni wakuu.

Tuko watatu hapa Dar. Mmoja anachora, mmoja ni mtu wa kompyuta, mimi ndiye mropokaji. Tumeingiwa na wazo la katuni ya vichekesho vya watu wazima. Siyo ya kufundisha watoto hesabu kama Ubongo Kids, ile naiheshimu na imeshapata wenyewe. Yetu ni familia ya Manzese: baba mpiga debe, mama anauza vitafunwa, na bibi aliyeletwa mjini kutibiwa macho, macho yakapona, akagoma kurudi kijijini.

Tumetumia miezi na tumepata dakika nne tu. Kibaya zaidi, tukiziangalia hatucheki. Yale mambo yaliyotuvunja mbavu tulipokuwa tunapiga stori kibarazani yamefia yote kwenye skrini.

Nikajiuliza, wale The Simpsons, ile katuni ya Marekani ya familia ya Homer, wana kipindi chao tangu 1989, na kwa miaka mingi walikuwa wanatoa episodi ishirini na kitu kwa mwaka. Muda wanaupata wapi? Wanaanza na nini? Msinitumie video za YouTube, nimeshaziona. Zote ni mtu anachora Homer huku anasema kazi hii ni ngumu.

Mzee wa Fremu

Chokaa, jibu umelitoa mwenyewe. Mlicheka kibarazani, yaani mlichekea maneno. Halafu mkarukia penseli. Wale hawarukii.

Nijitambulishe kidogo msije mkadhani naokoteza. Nilikaa miaka kadhaa kwenye studio moja ya hapa mjini nikichora fremu za kati. Huyo ndiye kibarua wa katuni. Mkubwa anachora mkono ukiwa chini, anachora mkono ukiwa juu, wewe unajaza safari yote ya mkono. Hupati shukrani ya mtu, ila ukishakaa kwenye kiti kile unajua hela inapoteketea.

Inateketea hivi. Sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24. Episodi ya The Simpsons ukitoa matangazo ni kama dakika 22. Zidisha: fremu 31,680. Kwa kawaida mchoro mmoja unashikiliwa fremu mbili, kwa hiyo gawa kwa mbili, bado una nafasi 15,840 za kujaza, na hapo nimechukulia kuna mhusika mmoja tu. Sasa waweke Homer, Marge na watoto mezani, wote wanatafuna. Utani usiponoga ukiwa bado uko karatasini, unaupiga mstari na maisha yanaendelea. Ukiwa umeshachorwa na kupakwa rangi, umechoma mishahara ya watu.

Mpangilio wao wote umejengwa juu ya hofu hiyo. Ugomvi wote uishe kabla ya kuchora.

Mwandishi analeta wazo, kundi zima linalijadili, kisha anaenda peke yake kuandika rasimu. Akiirudisha, wenzake wanaichana mstari kwa mstari, na vichekesho vyake vingi vinaishia njiani. Jina linalotokea kwenye skrini ni lake, lakini ndani yake kuna midomo ya watu kibao. Conan O'Brien alipitia chumba hicho cha waandishi, na ile episodi ya treni ya reli moja ya 1993 ni yake. John Swartzwelder aliandika episodi 59. Juu yao wote kuna mkuu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Al Jean aliishika nafasi hiyo kwa miaka mingi kuanzia 2001, na siku hizi Matt Selman ndiye anayeishika zaidi. Msiidharau nafasi hiyo. Kundi lenu la watatu lina mkuu? Au mnapiga kura kila utani?

Baada ya hapo wanasoma mezani. Waigizaji wanakaa, skripti inasomwa kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, mchoro hakuna hata mmoja. Watu wakicheka, panawekwa alama. Pakiwa kimya, waandishi wanarudi chumbani kuandika upya. Hatua hii ni ya bure kabisa, inataka viti tu. Na ndiyo studio yangu ya zamani walikuwa wanairuka kila mara, eti wanaokoa muda.

Ndipo sauti zinarekodiwa. Sauti kwanza, picha baadaye, na hili silitanii. Dan Castellaneta ndiye Homer, ndiye babu, ndiye Krusty, ndiye Barney. Harry Shearer ni bosi Mr. Burns na ni msaidizi wake Smithers pia, kwa hiyo wakizozana anazozana peke yake. Na ule mguno maarufu wa Homer, kwenye skripti pameandikwa tu kwamba anaguna kwa kuudhika. Castellaneta ndiye aliyeuleta, akiwa ameutoa kwa James Finlayson, mwigizaji wa filamu za kina Laurel na Hardy, ambaye wa kwake ulikuwa mrefu. Yeye akaukata ukawa mfupi. Mchoraji gani angebuni kitu kama kile? Mchoraji anasikiliza, halafu anautafutia uso.

Sauti zikiwepo, wanachora stori-bodi, yaani kisa chote kwa michoro ya tukio moja moja, wanaiunganisha na zile sauti inakuwa animatiki, yaani penseli tupu isiyo na rangi, inajongea kidogo kidogo. Wanaitazama wote tena. Wanaandika upya tena. Hapo ndipo mlango wa mwisho wa kubadilisha kwa bei nafuu.

Ikishapita, pozi kuu, mandhari na ile karatasi ya muda inayosema mdomo ufunguke fremu ya ngapi zinaandaliwa Marekani, kisha mzigo unasafirishwa Korea Kusini. Kule ndiko waliko vibarua wenzangu. Studio ya AKOM ya Nelson Shin iko Seoul na imekuwa nao tangu miaka ya mwanzo. Baadaye ikaingia na studio ya Rough Draft. Springfield, mji wa kina Homer, inasemekana iko Marekani, lakini sehemu kubwa ya miguu inayotembea mle imechorwa Korea. Mwaka 2010 Banksy, yule msanii wa michoro ya ukutani, aliwatungia ule mwanzo wa kipindi, pale familia inapokimbilia kochi, unaoonyesha kiwanda cha kutisha cha wachoraji wa Asia, na Shin hakufurahishwa. Mimi nilicheka, halafu nikanuna. Studio nilizoziona mimi ni ofisi zenye viyoyozi na watu wenye migongo mibovu. Panya sikuwaona.

Picha zikirudi zina rangi, yanabaki marekebisho ya hapa na pale. Kuna ujanja mmoja nimeufanya mpaka nikauchoka: mhusika akiwa ameipa kamera mgongo, unaweza kumlisha maneno mapya kabisa na hakuna atakayejua. Ukiona kwenye katuni mtu anageuka ghafla kuangalia dirisha halafu anatoa utani mzuri, shuku. Muziki unaingia mwishoni. Wimbo wa mwanzo ni wa Danny Elfman, na muziki wa ndani Alf Clausen aliuandika kuanzia 1990 hadi 2017, akiurekodi na okestra ya watu halisi. Anasa hiyo ninyi sahauni.

Yote hayo kwa episodi moja huchukua miezi sita hadi tisa. Muda wanaupata hivi: hawasubiri moja iishe. Moja iko Seoul inapakwa rangi, nyingine inarekodiwa, nyingine inasomwa mezani, nyingine bado ni kelele chumbani.

Na msidhani walizaliwa wanajua. Mwaka 1987 ilikuwa vipande vifupi tu ndani ya The Tracey Ullman Show. Vilichorwa na studio ndogo ya Klasky Csupo, na rangi ya njano ilichaguliwa na mpaka rangi wao, Gyorgyi Peluce. Walipopewa nusu saa yao wenyewe, episodi ya kwanza iliyorudi kutoka Korea ilikuwa balaa. Majengo yanalegea kama yametengenezwa kwa mpira, watu wanayumbayumba, kila kitu kinacheza. Mtayarishaji James L. Brooks alitaka familia inayoumia ikianguka, akaletewa vibonzo vya kudundadunda. Asilimia kama 70 ya kazi ile ilibidi irudiwe. Kipindi kilikuwa kianze msimu wa vuli 1989, kikasogezwa, na uhai wake ukaning'inia kwenye episodi ya pili, ambayo David Silverman alikuwa ameiongoza. Ile ikarudi iko sawa. Wakaamua waanze na episodi ya Krismasi, ikaruka hewani tarehe 17 Desemba 1989. Ile mbovu ilitengenezwa upya ikawekwa mwisho wa msimu, Mei 1990.

Kwa hiyo hizo dakika nne zenu msizifute. Zimeni sauti mziangalie, halafu zimeni picha mzisikilize. Mtaniambia ipi inachosha zaidi.

Binti Likoni

Mzee wa Fremu umenena, ila hapo kwa sauti umepita mbio, na mimi ndiko nilikoponea. Nimetia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia na katuni za nje, Nairobi. Kazi hiyo ni kinyume cha wanavyofanya Simpsons. Mdomo umeshachorwa zamani, na wewe wabanwa uingie humo humo. Yule mzungu ashafunga mdomo, wewe bado una silabi tatu mkononi. Wazimeza, au mtu wa tafsiri aambiwe akate, na kinachokatwa siku zote ni utani. Kwa hivyo Chokaa, ikiwa mwatengeneza yenu wenyewe na bado mwatia sauti mwisho, mwajipa adhabu ya bure.

Pia mwatizame wale waigizaji wao walivyo. Nancy Cartwright alikwenda kujaribiwa kwa ajili ya Lisa, binti wa Homer, akaona maelezo ya Bart, kaka yake Lisa, akaomba Bart. Castellaneta na Julie Kavner walichukuliwa hapo hapo kwenye kipindi cha Tracey Ullman, hawakutafutwa mbali. Hadi 1998 kila mmoja alikuwa akilipwa dola 30,000 kwa episodi. Wakagoma, wakapanda. Kufikia 2008 ilikuwa kiasi cha 400,000, na 2011 wakakubali kushuka hadi 300,000 ili kipindi kisife. Bart ana miaka kumi hadi leo, lakini koo linalomsemea lazeeka, na kampuni yalijua hilo vizuri sana. Sauti haina mbadala wa upesi, mchoraji mwaweza kumpata.

Ila kuna wakati sauti hubadilishwa. Apu, yule mwenye duka wa Kihindi, alisemewa na Hank Azaria miaka na miaka, watu wa asili ya Kihindi kule Marekani wakalalamika kwamba ile lafudhi iliwafuata shuleni hadi kazini, na 2020 Azaria akaiacha. Nalisema hili kwa sababu bibi yenu ameletwa kutoka bara. Angalieni ni nani anamwigiza na anachekewa nini. Akichekewa ukaidi wake, sawa. Akichekewa lafudhi tu, baada ya episodi tatu mmeishiwa.

Kwetu Kenya tulikuwa na The XYZ Show ya Gado, mchora vibonzo ambaye ni Mtanzania mwenzenu, ilianza 2009 Citizen TV. Ile ni vikaragosi vya mpira, si michoro, lakini siri ni ile ile: mwanasiasa alikuwa achekesha kwa sauti na maneno, sura ilikuwa yaja kumalizia.

mtaa_wa_saba

Yote sawa, lakini mnazunguka. Mbona hamsemi kuhusu utabiri? Trump walimtaja kabla hajawa rais. Wale watu wanaambiwa mambo mapema, acheni kutudanganya na habari za viti na meza.

Mzee wa Fremu

Nilikuwa nakusubiri wewe.

Episodi yenyewe ilirushwa Machi 2000. Lisa ni rais wa baadaye, analalamika kuhusu bajeti aliyoachiwa na Rais Trump. Sasa rudi nyuma miezi ya utengenezaji niliyoitaja. Trump alikuwa anatafuta tiketi ya chama cha Reform mwaka 1999 hadi mwanzoni mwa 2000. Waandishi wakatafuta jina litakalowachekesha watu, wakachukua hilo. Na ile klipu ya Trump anashuka kwenye ngazi za umeme, ambayo kila mtu anaitumia kama ushahidi, ni ya 2015, ilichorwa baada ya yeye kushuka kweli. Ukirusha mamia ya episodi, kila moja ina utani kila baada ya sekunde chache, kitu kitagonga.

Tena kwa ratiba yao, The Simpsons ndio watu wa mwisho kukimbizana na habari. Ukiandika leo utani wa waziri, siku unaporuka huenda waziri keshatumbuliwa. Ndiyo maana wanashikilia mambo yasiyoisha: kazini, kanisani, bili, baba mvivu.

Wanaokimbizana na habari ni South Park, katuni nyingine ya Marekani, nao wanalipia. Walianza 1997, episodi ya majaribio ikiwa ya karatasi zilizokatwa kwa mkasi, kisha wakahamia kompyuta lakini wakaacha sura zile zile za karatasi, kwa sababu mhusika asiyekunja goti vizuri anachoreka haraka. Episodi moja wanaitengeneza kwa siku sita. Obama alipochaguliwa tarehe 4 Novemba 2008, kesho yake usiku walikuwa naye hewani. Ila Oktoba 2013 umeme ulikatika studio kwao, wakashindwa kufikisha episodi kwa wakati, mara ya kwanza katika historia yao. Sisi wa huku tukiisoma habari ile tulitabasamu kidogo, siyo?

Chokaa, chagueni mojawapo. Miezi ya kung'arisha, au siku sita na sura rahisi. Mlichofanya ninyi ni sura za miezi na utani wa siku sita.

Chokaa

Nimekaa kimya kwa sababu nimeshikwa pabaya. Jana tumezima picha tukasikiliza. Baba anachosha. Bibi peke yake ndiye anayechekesha, na sauti yake ilirekodiwa kwa simu jikoni.

Swali la mwisho kwa Mzee. Midomo. Mchoraji wetu ameshusha chati ya midomo ya Kiingereza mtandaoni, ameifuata kabisa, lakini bibi akiongea anaonekana kama anatafuna muwa. Tatizo ni nini?

Mzee wa Fremu

Chati yenyewe haina ubaya, ila imepangwa kwa lugha nyingine. Kwa Kiswahili mimi natumia midomo sita tu. Uliofungwa kwa m, b, p. Meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Wa mviringo kwa o, u, w. Uliotanuka kwa e na i. Ulioachama kwa a. Na mmoja wa katikati kwa mengine yote. Herufi kama k, t, s, l msihangaike nazo, ziko ndani ya kinywa, mtazamaji hazioni.

Vitu viwili ndivyo vinavyomtafunisha muwa bibi yenu, nina hakika bila kumwona. Cha kwanza, ile m inayosimama peke yake. "Mtu", "mchele", "mkwe wangu". Ile ni silabi nzima. Mdomo ufungwe na ukae fremu mbili tatu umefungwa, ndipo ufunguke. Mkiipa fremu moja, anakuwa anasema "tu", "chele", na jicho la mtazamaji linakataa ingawa sikio limekubali. Cha pili, maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Sentensi ikiisha mdomo uko wazi. Mchoraji asipoufunga kwa makusudi, mhusika anabaki ameachama kama bwege anayesubiri kijiko. Bibi mkaidi anafunga mdomo mara tu akimaliza, tena kwa nguvu. Ukaidi wenyewe uko hapo.

Na mdomo utangulie sauti kwa fremu moja, hata mbili. Ukichelewa unaonekana, ukitangulia hakuna anayejua.

Halafu chora karatasi moja ya bibi kutoka kila upande, ibandikwe ukutani. Bart ana ncha tisa za nywele, na kila mchoraji wa Seoul anajua ni tisa. Bibi yenu nina wasiwasi kilemba kinakua na kupungua kila shoti.

Chokaa

Kilemba kinabadilika hata rangi. Umejuaje?

Basi tumeamua. Baba anapunguziwa maneno, bibi ndiye kinara. Jumamosi tunasoma mezani, tumewaalika majirani, mama yangu atapika maandazi ili watu wasiondoke mapema. Binti Likoni, kama una nafasi tunaweza kukutumia skripti umsome bibi kwa sauti utuambie?

Binti Likoni

Nitumieni. Nitamsoma na kurekodi. Lakini ametoka wapi huyo bibi? Msije mkanipa maneno ya Singida nikayatoa kwa Kimombasa.

Chokaa

Singida hasa.

Binti Likoni

Mtafuteni bibi wa Singida basi. Mimi nipeni yule jirani anayemdai kodi.